"Nipe Mji": Safari Ndefu ya Gari na Watoto Wasiochoka

Hapana mzazi aliyewahi kusafiri na watoto kwa gari asiyelijua swali hili: "Tumefika?" Huulizwa kabla gari halijamaliza daraja la Nyali. Huulizwa tena Mtwapa. Likifika Kilifi huwa si swali tena, bali ni kilio. Na kutoka Mombasa mpaka Mokowe, mahali ambapo barabara ya Lamu humalizikia, ni kiasi cha kilomita 340. Hebu piga hesabu mwenyewe, msomaji, swali hilo litaulizwa mara ngapi.

Siku hizi wazazi wengi wamepata dawa ya haraka. Mtoto hupewa simu, akaambiwa atulie, na kweli hutulia. Huinama kama mtu anayetafuta sindano mchangani, wala hasikiki tena. Gari huwa kimya, baba akaendesha kwa raha, mama akasinzia. Lakini dawa hiyo ina madhara yake, nami niliyaona kwa macho yangu katika safari moja ya mwezi wa Disemba mwaka 2022. Safari hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia, kwani ilinifunza jambo ambalo nilikuwa nikilijua tangu utotoni nikalisahau.

Tulikuwa tukienda Lamu kwenye harusi. Gari lilikuwa la ndugu yangu mdogo, la viti saba, naye ndiye aliyekuwa usukanini. Kando yake alikaa mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa wakati huo amekwishatimiza miaka 80. Nyuma tulikuwa mimi, shemeji yangu na watoto wao watatu: wa kiume wa miaka 12, binti wa miaka 9, na kitindamimba wa miaka 5.

Mama alikuwa mzaliwa wa Lamu. Aliletwa Mombasa bi arusi zamani, wakati ambapo Mtwapa hapakuwa na daraja na kivuko kilikuwa kikivutwa kwa minyororo na wanaume walioimba huku wakivuta. Kilifi nako watu walivuka kwa feri mpaka mwaka 1991 daraja lilipofunguliwa. Basi kwake yeye safari ile haikuwa ya harusi tu. Alikuwa anarudi kwao, tena pamoja na wajukuu, na alikuwa na mengi ya kuwaonyesha njiani.

Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri. Ndugu yangu alisoma dua ya kupanda chombo, sote tukaitikia amina, na kabla hatujafika Bamburi mtoto mkubwa alikuwa amekwisha zama katika simu yake, na binti amezama katika ya mama yake. Mama aligeuka mara ya kwanza akawaonyesha jua linavyopanda. Hapana aliyeinua kichwa. Akageuka mara ya pili, Mtwapa, akawaambia kwamba pale chini ndipo alipovuka kwa kamba na nyimbo. "Mmh," akajibiwa. Mara ya tatu hakugeuka. Alimwambia mwanawe taratibu, lakini mimi nilisikia:

"Baba, hawa ni wajukuu zangu au ni abiria?"

Neno hilo lilinichoma. Watoto wale husoma shule za Kizungu, hutoka asubuhi na kurudi magharibi, na bibi yao hawakumwona ila siku ya Ijumaa na sikukuu. Saa sita ndani ya gari moja zilikuwa ndefu kuliko zote walizowahi kukaa naye mwaka ule. Nazo zilikuwa zikipotea mbele ya macho yetu.

MCHEZO WA KUPEANA MIJI

Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Tulipokuwa tunaikaribia Kikambala alipaza sauti ghafula: "Kitendawili!"

Mimi na shemeji tukajibu kwa pamoja, kwa mazoea ya zamani: "Tega!"

"Mzee tumbo kubwa, mikono juu, wala haombi dua."

Yule wa miaka 5, ambaye hakuwa na simu, akaanza kubahatisha. Mwizi! Polisi! Ami! Binti naye akainua kichwa. Walipokwisha shindwa, mama akasema: "Nipani mui."

Watoto wakacheka. "Bibi, mui ni nini?" Wakafahamishwa kwamba Lamu mji ni mui, njia ni ndia, na maji ni mai, na kwamba bibi yao hakukosea bali asemavyo ndivyo walivyosema wazee wake tangu hapo. Halafu wakafunzwa kanuni ya mchezo, ambayo wasomaji wa makamo wote wanaijua: aliyeshindwa kitendawili hana budi kumpa mtegaji mji. Mtegaji akiuridhia husema amekwenda katika mji ule, amekula na kunywa, ndipo akatoa jawabu. Asipouridhia, huukataa na kutaka mwingine ulio bora.

Lakini mama alitia sharti lake mwenyewe siku ile. Alisema mji unaotolewa uwe ni ule ambao gari letu limekwisha upita, na mtoaji awe ameuona kwa macho yake. Akitoa mji aseme na kitu kimoja alichokiona pale. Asiyeona kitu hana mji.

"Mtwapa," akasema binti. "Niliona... niliona..." Akanyamaza. Alikuwa kwenye simu.

Mdogo akadakia: "Mimi nampa bibi Mtwapa! Niliona maji chini na mashua!"

Basi mama akaipokea Mtwapa kwa heshima zote, akala, akanywa, akasema jawabu ni mbuyu. Na kwa bahati njema mibuyu yenyewe haikuchelewa kutokea, ikaanza kupita pande zote mbili za njia kwa wingi mpaka Kilifi, na mdogo akawa anaiamkia kila mmoja kwa jina la mzee.

Kisha mama akamgeukia mjukuu wake mkubwa. Wasomaji wa pwani wanajua utani wa bibi na mjukuu wa kiume. Akamwambia kwa sauti ya upole: "Mume wangu, wewe unanipa mui gani?"

Kijana alitazama nje kwa mara ya kwanza tangu nyumbani. Hakujua tulipo. Hakujua tumepita wapi. Uso ukamsawijika, akasema: "Sina mji, Bibi."

"Haidhuru," akajibu mama. "Mume maskini si aibu. Aibu ni kukataa kutafuta."

Gari zima tulicheka, naye akacheka kidogo, kisha akarudi katika simu yake. Maana mazoea yana taabu, msomaji, nayo hayaachwi kwa mzaha mmoja.

SIKIO, JICHO NA TUMBO

Kilichomwachisha kilikuwa ni tumbo lake. Tulikwisha vuka daraja la Kilifi, tumenunua na korosho, nasi tunaelekea Gede, mara nikamwona anameza mate na paji la uso lina jasho. Ndugu yangu alipata kusimamisha gari kwa wakati, alhamdulillahi, na yaliyobaki hayafai kusimuliwa katika ukurasa unaosomwa na watu wanaokula.

Jambo hili lina sababu yake, na yafaa wazazi tuijue. Ndani ya sikio la mwanadamu mna viungo vidogo vyenye majimaji, ambavyo kazi yake ni kuujulisha ubongo kwamba mwili unakwenda, unapinda au umetulia. Jicho nalo hupeleka habari zake. Mtoto akiinamia simu, au hata kitabu, jicho husema, "Tumetulia, hapana kinachosogea." Sikio husema, "Tunakwenda, tena kwa kasi, na hapa pana kona." Ubongo hupata mashahidi wawili wanaopingana, na anayelipa faini ni tumbo. Taabu hii huwashika zaidi watoto wa miaka 2 mpaka 12. Wachanga aghalabu husalimika.

Dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Ni kuinua kichwa na kutazama mbali, mbele ya gari, pale mbingu na nchi zinapokutana, ili jicho na sikio vitoe ushahidi mmoja. Ya pili ni upepo safi wa dirishani. Ya tatu ni kutompa mtoto chakula kizito cha mafuta kabla ya safari. Mahamri makavu mawili yanatosha, viazi vya karai vingoje jioni. Kipande cha tangawizi au kunusa ndimu huwasaidia wengine. Na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2017, mama mwenye busara huweka mifuko ya karatasi na kopo lenye kifuniko karibu na mkono, pamoja na kitambaa chenye maji.

Utaona basi kwamba michezo ya bibi zetu haikuwa upuuzi. Kitendawili huchezwa kichwa kikiwa juu. Ukitaka kuona mji huna budi kutazama nje, na ukitazama nje tumbo hutulia.

KILA DIRISHA NA HESABU YAKE

Kijana alipokwisha sukutua na kunywa maji, shemeji alimhamishia karibu na dirisha, na simu ikaingia mkobani. Hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa kale ambao kila familia inaujua: nani akae dirishani?

Tuliumaliza kwa kanuni nyepesi. Kila mji tunaopita, watoto hubadilishana viti gari likisimama. Na kila dirisha likapewa hesabu yake. Mtu akitoka Mombasa kwenda kaskazini, bahari iko mkono wa kulia na bara iko mkono wa kushoto. Basi wa kulia akapewa kuhesabu misikiti, wa kushoto akapewa kuhesabu punda na mbuzi, na wa kati, ambaye huona mbele, akapewa malori. Wa kushoto alilalamika kwamba kabla ya Gede hapana mbuzi ila miti mitupu. Nikamwambia miti ile ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, na kwamba mna tembo ndani yake. Tangu hapo hakupepesa macho. Tembo hakuonekana, lakini dakika 20 zilipita bila ya mtu kuuliza kama tumefika.

Ilipokuja Gede niliwaambia kwa ufupi kwamba nyuma ya miti ile uko mji wa mawe wa wazee wa Kiswahili, wenye misikiti, visima na nyumba zenye vyoo, uliohamwa katika karne ya 17, na kwamba watu wa kale walijenga hayo yote kwa matumbawe na chokaa. (Mwaka 2024 mji huo umeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, kama ulivyoingizwa mji wa Lamu mwaka 2001.) Sikuendelea zaidi. Mzazi anayegeuza gari kuwa darasa hupata wanafunzi wanaolala. Neno moja kwa kila mji linatosha. Mtoto akitaka la pili atauliza mwenyewe.

Dereva yeye ana kanuni yake, nayo haina mjadala: hategi wala hategwi. Asihesabu, asigeuke, asiamue ugomvi. Na kila mtoto afunge mkanda wake, mchezo uwe mtamu namna gani.

BABA HAGEUKI

Baada ya Malindi na daraja la mto Sabaki, nchi hubadilika. Minazi hupungua, uwanda hufunguka, na huko Gongoni na Marereni utaona mashamba ya chumvi na vilima vyake vyeupe vinavyong'aa juani. Mama alitega: "Mamake maji, na kaburi lake maji." Kijana, ambaye sasa alikuwa macho, aliitazama ile chumvi akajibu papo hapo. Ukawa ushindi wake wa kwanza.

Lakini vitendawili navyo huchosha. Mama akafungua kasha la pili, akawafunza kinyume.

Kinyume ni lugha ya mafumbo ambayo vijana wa pwani waliitumia zamani wakitaka kusema mambo yao mbele ya wakubwa. Silabi ya mwisho huletwa mwanzo. Gari huwa riga, maji huwa jima, Kilifi huwa fikili, na Lamu huwa mula. Watoto walishika kwa muda mfupi kuliko niliotumia mimi kuwaeleza ninyi hapa. Wakaanza kugeuza kila walichokiona: mbuzi akawa zimbu, punda akawa ndapu, na Witu, tuliyokuwa tukiielekea, ilipogeuzwa ikatoka tuwi, wakacheka mpaka machozi kwa kuwaza mji mzima uliojaa tui la nazi.

Kisha binti akanyamaza kidogo, midomo ikimcheza. Akasema: "Bibi, mama hageuki."

"Namna gani?"

"Mama ukimgeuza ni mama. Na baba ni baba. Na dada, na kaka. Na wewe, Bibi, hugeuki."

Mama alinyamaza. Mimi nimecheza kinyume tangu utoto wangu na jambo hilo sikuwahi kulitambua. Ndugu yangu, ambaye hakuruhusiwa kucheza, alisema tu "Masha'Allah," akakaza macho barabarani.

Kutoka hapo tukaingia katika kupokezana vina. Mimi nilianza kwa kutunga mshororo mmoja, na kila mmoja akatakiwa alete wake wenye vina vile vile na mizani minane kwa minane, wakihesabu kwa vidole. Ilichukua muda mrefu, pakawa na kelele nyingi, na mishororo kadhaa ilitupwa njiani, lakini shairi lenyewe lilikamilika hivi:

Tumepita Mtwapani, Kilifi twaitazama,
Korosho zi mkobani, tumbo langu languruma,
Baba yuko usukani, amekataa kukoma,
Tufikishe kisiwani, ya Rabbi kwa usalama.

Wa kwanza ni wangu, wa pili ni wa binti, wa tatu ni wa kijana, naye alitaka sana baba yake ausikie. Wa mwisho ni wa mama. Sitasema kwamba ni shairi la kushinda tuzo. Ninasema kwamba watoto wawili ambao shuleni hupata alama hafifu katika Kiswahili walihesabu mizani kwa hiari yao, ndani ya gari, bila ya kupigiwa kelele na mwalimu.

HADITHI ISIYOISHA

Yuko msomaji atakayesema: mimi sina mama mzee wa kunifanyia haya, wala sijui vitendawili vingi. Jawabu ni kwamba hadithi moja tu yatosha, ukijua kuikata.

Mama alikuwa fundi wa kukata. Malindi tuliposimama kunywa chai alikuwa ameanza, "Paukwa!" nao wakaitika, "Pakawa!" Ikawa hadithi ya punda wa Lamu aliyekataa kumbeba tajiri mmoja bahili. Punda alipigwa, hakwenda, alibembelezwa, hakwenda, mpaka siku moja akageuza kichwa, akamtazama tajiri machoni, akafungua kinywa... "Hadithi yangu imepata kiu," akasema mama, akashuka kwenda kunywa chai yake.

Watoto walimfuata mpaka mezani. Alikataa. Aliiendeleza tulipovuka Sabaki, akaikata tena Gongoni, akaiendeleza, akaikata Minjila, karibu na Garsen, ambapo njia ya Lamu huachana na ile ya Hola na Garissa. Kila kituo kikawa ni sababu ya kutaka gari liende mbele. Swali la "Tumefika?" likageuka kuwa "Bibi, hadithi ianze lini?" na hayo, msomaji, ni maswali mawili yenye tofauti ya mbingu na ardhi.

Siri yake niliijua baadaye: hadithi ile hakuwa na mwisho wake alipoianza. Alikuwa akiitunga kadiri gari linavyokwenda, na alitazama nje kila alipokwama. Wakitokea ng'ombe, tajiri alikuwa na ng'ombe. Tulipofika kwenye kizuizi cha askari na kusimamishwa ili vitambulisho vikaguliwe, tajiri naye alisimamishwa na askari wa sultani. Mzazi yeyote anaweza kufanya hivyo. Njia yenyewe hukutungia.

SALA NA MAPUMZIKO

Mtoto hana budi kushuka na kukimbia kidogo kila baada ya saa mbili hivi. Wakubwa huona wanapoteza wakati. Kwa kweli wanaununua, kwani dakika 15 za kukimbia chini ya mwembe huleta saa nzima ya utulivu. Kwetu sisi jambo hili limerahisishwa, madhali sala ina nyakati zake na misikiti iko njiani. Panga safari kwa sala, wala usipange sala kwa safari.

Adhuhuri ilitukuta Witu. Watoto walitawadha, wakastarehe na ubaridi wa maji, na binti akashangaa kuambiwa kwamba leo Adhuhuri ni rakaa 2 badala ya 4, na kwamba Alasiri nayo yaweza kuletwa mbele ikasaliwa pamoja nayo. Alikuwa amesoma chuoni habari za sala ya msafiri. Siku ile aliiona. Akauliza, "Kwa hiyo sisi sasa ni wasafiri kweli?" Akajibiwa kuwa ndiyo. Alipanda garini kifua mbele, kama nahodha.

Pale Witu mama aliwaambia kwamba mji ule mdogo ulikuwa na sultani wake katika karne ya 19, wa ukoo wa Wanabahani waliotoka Pate, ambaye watu walimwita Simba. Kijana akauliza kwa nini Simba. Mama akamjibu kwamba kitu hicho akakitafute mwenyewe, akirudi nyumbani, katika ile simu yake. "Simu si adui, mume wangu," akasema. "Lakini iulize ulichokiona. Usiiulize usichokiona."

MJI WA MWISHO

Barabara kutoka Minjila mpaka Lamu iliwahi kuwa adhabu. Ilikuwa ya udongo, mvua ikinyesha magari yalilala njiani, na mama alitueleza jinsi walivyowahi kukaa siku mbili wakingoja matope yakauke. Sasa imetiwa lami, na sehemu ile tuliipita kwa wepesi. Ilikuwa yapata saa tisa za mchana tulipoanza kusikia harufu ya bahari tena.

Hapo kijana akasema, bila ya kuombwa na mtu: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina dirisha dogo. Nikilichungulia, siuoni mji."

Tulifikiri sana. Mama ndiye aliyeshindwa wa kwanza, au alijifanya kushindwa, sikuweza kujua. Akasema, "Nakupa Mtwapa, mume wangu. Nimeona pale kamba na kivuko na wanaume wakiimba, na mimi nimevaa buibui jipya nalia kwa kuwaacha wazazi wangu."

Kijana aliupokea mji ule. Akasema amekwenda Mtwapa, amekula, amekunywa, na jawabu ni simu.

Mokowe tuliliacha gari, kama wafanyavyo wote, kwani Lamu mjini hapaendwi kwa gari bali kwa miguu na kwa punda. Tukashuka gatini, tukapanda mashua, na kitindamimba akageuka kulitazama gari lililobaki nyuma peke yake. Akauliza: "Tumefika?" Lilikuwa ndilo swali la kwanza la namna hiyo tangu Kilifi.

Mama alifariki dunia katika Ramadhani ya mwaka 2024. Disemba ya mwaka ule tulikwenda tena Lamu, watu sita badala ya saba, na kile kiti cha mbele hakuna aliyetaka kukikalia kwa haraka. Mwisho alikaa kijana, ambaye sasa ni wa miaka 14 na sauti imemwota. Gari lilikuwa zito kwa kimya mpaka tulipolipita daraja la Mtwapa. Ndipo akageuka nyuma, akawatazama wadogo zake, akasema kwa lafudhi ile ile ya Lamu aliyoicheka miaka miwili nyuma:

"Nipani mui."

Mdogo wake, wa miaka 7, hakufikiri hata kidogo. "Nakupa Mtwapa," akasema. "Nimemwona Bibi."

Basi msomaji, kama una safari mwezi huu, funga mizigo, funga na mikanda, beba maji na ndimu. Kisha usisahau kubeba na mzee, ukijaaliwa kuwa naye. Mwachie kiti cha mbele, nao watoto wakae mahali wanapomsikia.